Dakika Tatu Kabla ya Kubofya: Mwongozo Kamili wa Kuingiza Utulivu na Tafakuri katika Ufundishaji wa Maktaba ya Chuo

Mtazame mwanafunzi aliyepewa kazi ya kurasa kumi na mbili. Anafungua hifadhidata, anaandika swali zima la mhadhiri kama lilivyo, anapata matokeo zaidi ya laki moja. Anafungua la kwanza, la pili, la tano. Robo saa baadaye ana vichupo ishirini kwenye kivinjari, hajasoma hata makala moja, na simu imeshaingia mkononi. Mwulize tatizo ni nini, atakwambia hapati vyanzo. Vyanzo anavyo tele. Akili ndiyo imetawanyika.

Sisi wakutubi tumezoea kumjibu kwa kumwongezea mbinu: alama za kunukuu, NA na AU za kuunganisha maneno ya utafutaji, vichujio vya mwaka. Mbinu zina kazi yake, ila zinamfikia mtu ambaye kwa wakati huo hawezi kuzishika. Mwaka 1986 Constance Mellon alichapisha utafiti wake kuhusu wanafunzi 6,000 wa chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Marekani, waliokuwa wakiandika jinsi walivyohisi walipoanza kutafuta habari. Kati ya asilimia 75 na 85 waliielezea maktaba kwa lugha ya woga. Kila mmoja alidhani wenzake wanajua na yeye peke yake hajui. Aliona kutojua huko ni aibu. Na aliamini kuwa akiuliza, aibu itafichuka. Ndiyo maana kaunta ya huduma inaweza kukaa tupu katika jengo lililojaa watu waliopotea.

Kwa hiyo mwongozo huu hauhusu kuwapumzisha wanafunzi. Unahusu kushona vipande vidogo vya utulivu ndani ya somo la kawaida la utafutaji, palepale ambapo kazi huuma, ili wanafunzi watafute vizuri zaidi. Akitoka amepumzika pia, heri yake.

Kwanza, majina

Kiswahili kina maneno kadhaa yanayogusa jambo hili, wala hayalingani. Uzingativu ni kuielekeza akili kwa makusudi kwenye kinachotokea sasa hivi, bila haraka ya kukihukumu. Tafakuri ni kulizungusha jambo akilini mpaka lionyeshe pande zake. Taamuli inaenda ndani zaidi: kulikazia jambo macho kwa muda mrefu, kimya, hata pale ambapo maneno yamekwisha. Maktabani utayahitaji yote matatu: uzingativu mbele ya orodha ya matokeo, tafakuri wakati wa kuunda swali la utafiti, taamuli mbele ya matini ngumu au hati ya kale.

Uzingativu unaofundishwa leo hospitalini na vyuoni unatokana kwa sehemu kubwa na mpango wa wiki 8 ambao Jon Kabat-Zinn aliuanzisha mwaka 1979 katika shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwa zikiwasaidia vya kutosha. Mbinu alizitoa katika mafundisho ya Kibuddha, akaziweka katika lugha isiyo ya kidini. Ukiulizwa asili yake, usiifiche. Ila kumbuka pia kwamba kukaa kimya na kujichunguza hakumilikiwi na dini moja: watawa wa Kikristo wanako, masufi wanako katika murakaba, na asiye na dini anako akikaa peke yake alfajiri.

Darasani mimi huwa sitaji hata moja kati ya majina haya mwanzoni. Nasema, "Tutulie dakika mbili kabla hatujagusa kompyuta." Anayesikia istilahi ngeni hukunja uso. Anayesikia "tutulie" hutulia.

Hatua ya kwanza: kaa wewe kabla ya kuwakalisha wengine

Jipe wiki nne, dakika kumi kila siku, saa ileile. Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, mgongo wima bila kukakamaa. Fuata pumzi pale unapoihisi zaidi, iwe puani, kifuani au tumboni. Akili itakwenda zake. Ukigundua imekwenda, irudishe, bila kujikaripia. Huko kurudi ndiko zoezi lenyewe. Ukirudi mara arobaini, umefanya zoezi mara arobaini. Mwaka 1890 William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, aliandika kwamba uwezo wa kuirudisha akili inayotangatanga, tena na tena, ndio mzizi wa busara, tabia na utashi, na kwamba elimu ya kuukuza ingekuwa elimu bora kupita zote. Kisha akakiri kuwa ni rahisi kuitaja shabaha hiyo kuliko kueleza namna ya kuifikia. Ukifika siku ya nne ya mazoezi utamwelewa.

Wiki ya pili ongeza zoezi la barua pepe. Limetokana na mafunzo ya David Levy, mtu aliyesomea sayansi ya kompyuta Stanford, akaenda London kujifunza kaligrafia na ufungaji wa vitabu, kisha akafundisha katika shule ya habari ya Chuo Kikuu cha Washington. Soma barua pepe zako kama kawaida, ila jitazame unavyosoma. Pumzi ikoje? Mabega yamepanda? Kwa nini umefungua hii kabla ya ile? Usibadilishe chochote, andika tu ulichoona. Wengi wetu tunagundua kuwa tunashikilia pumzi mbele ya skrini bila kujua.

Wiki ya tatu na ya nne, hamishia kaunta. Mkutubi mzoefu husikia nusu ya swali na vidole vimeshaanza kuandika. Weka mikono mbali na kibodi mpaka mtu amalize kusema, kisha vuta pumzi moja kamili kabla ya kujibu. Mara nyingi, katika kile kimya kifupi, mwulizaji mwenyewe ataongeza sentensi ya pili, na sentensi hiyo ya pili ndiyo shida yake halisi. Ile ya kwanza ilikuwa ya kubisha hodi.

Usiruke hatua hii. Wanafunzi wanatambua haraka mtu anayesoma maelekezo ya utulivu huku yeye mwenyewe anatazama saa.

Hatua ya pili: chagua kipindi kimoja na mshono mmoja

Wengi wetu hulipata darasa mara moja tu kwa muhula, dakika hamsini au sitini, halafu basi. Kishawishi ni kuweka zoezi la dakika kumi mwanzoni kisha kukimbiza somo la zamani lote katika muda uliobaki. Matokeo yake utulivu unaonekana kama pambo, na mbio zinazofuata zinaufuta.

Afadhali utafute mahali pa kushona. Carol Kuhlthau wa Chuo Kikuu cha Rutgers aliwafuatilia wanafunzi kwa miaka, akaona kwamba utafutaji wa habari una hatua sita, kila moja na hisia zake. Mtu anaanza na wasiwasi; akichagua mada anapata matumaini; akianza kuchunguza yaliyoandikwa anaporomoka, anachanganyikiwa na kujishuku; akipata mwelekeo mahususi wa swali lake mwanga unarudi; anakusanya kwa kujiamini zaidi; anamaliza kwa nafuu au kwa masikitiko. Angalia anguko lilipo: linakuja *baada* ya matumaini, pale mwanafunzi alipodhani kazi imeshanyooka. Anadhani limempata kwa sababu yeye ni mjinga, kumbe ndiko njia inakopita. Kumwambia hivyo tu, kwa kuchora mstari unaopanda na kushuka ubaoni, ni nusu ya tiba.

Mshono wako wa kwanza uwe hapo, kwenye hatua ya kuchunguza, yaani orodha ya matokeo inapotokea kwenye skrini.

Zungumza na mhadhiri mapema, kwa lugha ya kazi yake. "Nitatumia dakika tano kuwafundisha kuisoma orodha ya matokeo kabla ya kufungua chochote." Sijui mhadhiri atakayekataa hilo. Mkuu wako wa idara akitaka hoja ya kitaalamu, mwonyeshe mfumo wa stadi za habari wa chama cha wakutubi wa vyuo Marekani, ACRL, ulioidhinishwa rasmi mwaka 2016. Pamoja na maarifa, unataja mielekeo ya moyo: kuvumilia pale utafutaji unapokwama, kukubali kwamba jaribio la kwanza huenda lisitoe kinachofaa, kuona kuwa utata una faida. Mielekeo ya namna hiyo haifundishwi kwa slaidi.

Kisha kata kitu. Lazima. Ile ziara ya hifadhidata kumi iache, chukua moja.

Hatua ya tatu: toa mwaliko, usitoe amri

Kuna wanafunzi ambao kufumba macho katikati ya watu wasiowajua ni kitisho. Wapo waliopitia mambo ambayo kimya huyaamsha. Wapo pia watakaohofu kwamba unawaingiza katika ibada ya wengine. Wote hao wana haki ya kukaa darasani kwako wakiwa salama, na usalama huo unajengwa kwa sentensi tano tu:

"Macho yanaweza kubaki wazi, chagua kitu kimoja cha kutazama. Si lazima ufuate pumzi. Unaweza kusikiliza sauti za chumba au kuhisi nyayo zako sakafuni. Ukitaka kuacha, acha, andika au soma kimya, hakuna atakayekuuliza. Hii si ibada, wala sitapima nani amefanya vizuri."

Zisemwe hata kama unaona hazihitajiki, kwa kuwa anayezihitaji hawezi kuziomba. Willoughby Britton wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake wamekusanya kwa uangalifu ushuhuda wa watu ambao meditesheni iliwaletea hofu, kukosa usingizi na kumbukumbu chungu, wengi wao wakiwa wanafanya mazoezi marefu. Dakika mbili mezani si siku kumi za kunyamaza, lakini busara ni ileile: mafupi, macho wazi, mlango wazi. Wewe ni mkutubi, si mshauri nasaha. Ujue ofisi ya ushauri iko wapi na saa zake za kazi kabla ya siku ya kwanza.

Usipige kengele wala kuweka muziki wa maji yanayotiririka. Sauti yako inatosha.

Hatua ya nne: kutua, dakika mbili

Hili ni zoezi la mlangoni. Wanafunzi wametoka darasa jingine, wengine wamekimbia ngazi. Sema polepole kuliko unavyodhani inafaa:

"Weka kalamu chini. Hisi kiti kinavyokubeba. Nyayo ziko wapi? (Kimya cha pumzi tatu.) Sikiliza sauti ya mbali kabisa unayoweza kuisikia. Sasa ya karibu. (Kimya.) Fikiria kazi uliyopewa. Mwilini inakaa wapi? Shingoni, tumboni, popote? Huhitaji kuibadilisha. (Kimya kirefu kidogo.) Chukua karatasi, andika neno moja linaloeleza unavyoiona kazi hii leo. Hutalionyesha kwa mtu."

Ukipenda, waombe wanaotaka walitaje neno lao. Akitokea mmoja akasema "naogopa" na watu kumi wakacheka kwa kujitambua, lile jambo aliloliona Mellon, la kila mtu kudhani yuko peke yake, limeshapasuka hadharani.

Hatua ya tano: dakika tatu kabla ya kubofya

Kama utachukua kitu kimoja tu katika mwongozo huu, chukua hiki.

Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Stanford waliwaketisha watu 45 mbele ya kompyuta: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wahakiki wa taarifa 10 wa kazi hiyo, na wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza. Wanahistoria na wanafunzi mara nyingi walinaswa na nembo za kuvutia na majina ya tovuti yanayosikika ya heshima. Wahakiki waliziacha tovuti hizo upesi na kufungua nyingine kuuliza wengine wanasemaje kuzihusu. Walikuwa na tabia nyingine ambayo kwangu ndiyo ya thamani: orodha ya matokeo ikitokea, hawakukimbilia la kwanza. Walijizuia kubofya. Waliteremka chini, wakasoma vichwa na vipande vya maelezo, kisha wakachagua. Hata Mike Caulfield, alipoupanga mwaka 2019 utaratibu wake maarufu wa hatua nne za kukagua habari za mtandaoni, hatua ya kwanza aliyoiweka ni kusimama.

Kusimama huko kunafundishika, na kunafundishwa kwa mwili. Fanya hivi.

Waache waandike maneno yao ya utafutaji kwenye karatasi, kisha wayaingize. Matokeo yakitokea, mkono unaruhusiwa kuteremsha ukurasa tu. Kubofya ni marufuku kwa dakika tatu. Waambie mapema kwamba watasikia vidole vikiwasha, na kwamba kule kuwasha ndicho kitu wanachokuja kukitazama.

Dakika ya kwanza: soma vichwa ishirini vya mwanzo, majina ya majarida na miaka. Soma tu, kama mtu anayepita dirishani.

Dakika ya pili: ni kichwa gani kinakuvuta? Kwa nini? Ni kwa sababu kiko juu? Kinakubaliana na unachokiamini tayari? Kinaonekana kifupi? Andika sababu ya kweli, hata ikiwa ya aibu. "Kilikuwa cha kwanza" ni jibu halali, tena la mara kwa mara.

Dakika ya tatu: tafuta neno linalojirudia ambalo wewe hukulitumia. Hapa ndipo dhahabu ilipo. Mtu anayetafuta athari za simu kwa usingizi wa vijana anagundua kuwa waandishi wanasema "balehe" mahali aliposema vijana, "muda wa skrini" mahali aliposema simu, na "ubora wa usingizi", jambo ambalo hakuwa amelifikiria kabisa. Kwa dakika moja ya kutazama amepata msamiati wa fani, ambao mimi ningeutumia nusu saa kumweleza na asingeukumbuka.

Baada ya hapo kila mmoja achague kufungua makala mbili tu, au abadilishe maneno na kutafuta upya bila kufungua chochote. Utaona wengi wanachagua njia ya pili. Wape dakika mbili za kuongea wawili wawili juu ya kilichowavuta.

Onyo kwako wewe unayefundisha: dakika tatu za kimya mbele ya darasa ni ndefu mno. Utatamani kuongeza maelezo, kumsogelea mwanafunzi anayekunja uso, kusema "mnaendeleaje?" Usifanye hivyo. Keti, nawe utazame orodha yako.

Hatua ya sita: kusoma taratibu

Katika karne ya 12 mtawa wa Kikartusi aitwaye Guigo wa Pili aliieleza njia ya kusoma maandiko kama ngazi ya vipago vinne: kusoma, kutafakari, kusali na kuzama katika taamuli. Walimu wa vyuo wameiazima ngazi hiyo kwa matini zisizo za dini. Mimi mahali pa sala huweka swali kwa mwandishi. Inakuwa zoezi jingine, lakini la uaminifu.

Chukua ikisiri, yaani ule muhtasari unaotangulia makala ya kitaaluma, ya maneno 200. Isome kwa sauti mara moja, taratibu, wao wakisikiliza tu. Kaeni kimya pumzi tano. Mwanafunzi mmoja aisome tena, safari hii kila mtu apigie mstari sentensi moja iliyomsimamisha, iwe kwa kupendeza au kwa kukera. Kimya tena. Mara ya tatu kila mtu asome peke yake, kisha aandike swali moja kwa mwandishi. Walichunguza watu wangapi? Nani hakutajwa? Neno "huenda" limetumika mara ngapi, na hitimisho limelisahau wapi? Zoezi linakula dakika kumi na tano, na mwanafunzi aliyezoea kuruka juu ya ikisiri kama jiwe la kuvukia mto anagundua kwamba jiwe lenyewe lina nyufa.

Kama maktaba yako ina hati za kale, picha au ramani, umebahatika. Jennifer Roberts, mwalimu wa historia ya sanaa Harvard, huwataka wanafunzi wake wakae mbele ya mchoro mmoja saa tatu kamili. Wanadhani anatania. Yeye mwenyewe alipotazama mchoro wa John Singleton Copley wa mwaka 1765, wa mvulana na kindi wake, dakika 9 zilipita kabla hajaona kuwa umbo la sikio la mvulana limerudiwa katika manyoya ya tumbo la kindi. Dakika 21 kabla hajaona kuwa vidole vilivyoshika mnyororo vinapimana sawasawa na upana wa bilauri iliyo chini yake. Na dakika 45 kabla hajatambua kuwa mikunjo ya pazia la nyuma inarudia maumbo ya sikio na jicho la mvulana. Vyote vilikuwa wazi mbele yake tangu sekunde ya kwanza. Kutazama na kuona ni kazi mbili.

Saa tatu huna. Dakika ishirini unazo. Weka barua moja ya zamani kwa kila meza. Dakika tano za kwanza wasiisome: watazame karatasi, wino, madoa, mikunjo, mahali kalamu ilipokandamizwa. Tano zinazofuata wasome bila kuandika. Tano waandike wanachokiona tu, bila neno "kwa sababu". Tano za mwisho waulize. Ukiwaona wanahema kwa kuchoshwa katika dakika ya nane, tulia. Kuchoshwa ni mlango, na wengi hurudi nyuma wakiwa wameshaushika kitasa.

Hatua ya saba: daftari la utafutaji

Hili ni fupi. Kila mara mwanafunzi anapotafuta, aandike mistari mitatu: maneno aliyotumia, alichopata, na hali yake alipofunga kompyuta. Baada ya wiki mbili alinganishe na ule mstari wa Kuhlthau unaopanda na kushuka. Daftari lisisahihishwe kwa alama. Likipewa alama, litajaa uongo mzuri.

Ratiba ya dakika sitini

Kwa anayeanza, hivi ndivyo ninavyogawa: dakika 3 za mwaliko na kutua, 7 za kuchora mstari wa hisia na kuzungumza, 10 za kuunda swali na maneno ya utafutaji kwenye karatasi, 5 za zoezi la kutobofya, pamoja na maongezi ya wawili wawili, 15 za kutafuta upya kwa msamiati uliopatikana, hapo sasa NA na AU vinaingia kwa sababu mwanafunzi anavihitaji, 15 za kusoma ikisiri taratibu, 5 za kuandika mistari mitatu. Utulivu wenyewe hauzidi dakika saba. Ukibanwa, kata ikisiri, usikate zoezi la kubofya.

Yatakayokupata

Watacheka, hasa mara ya kwanza. Acha kicheko kipite. Mmoja atalala, mwache, pengine ndicho alichokuwa akikihitaji. Simu italia, uifanye kuwa sehemu ya zoezi: "Angalieni akili zetu zilivyokwenda zote pamoja." Akitokea mtu anayelia, usimgeuze kuwa somo. Endelea na wengine kwa sauti ileile, kisha mfuate pembeni, umwulize kama angependa kuketi nje kidogo au kusindikizwa mahali pa ushauri.

Kuna jambo zito zaidi ambalo halitokani na wanafunzi. Uongozi ukiona utulivu unapendwa, utautaka uzibe matundu yasiyozibika kwa pumzi. Kama maktaba inafungwa mapema wakati wa mitihani, kama usajili wa majarida umekatwa, kama wakutubi wawili wanafanya kazi ya watano, usikubali kuitwa uendeshe warsha ya kutuliza mawazo badala ya hayo kurekebishwa. Anayekosa kiti hahitaji kufundishwa kukaa. Sema hivyo kikaoni, kwa sauti ya kawaida.

Kuhusu vyumba maalumu, sina mengi. Kona yenye viti viwili, taa hafifu na kibao cha "hakuna simu" inafaa kuliko chumba cha kifahari kilichofungwa kwa ufunguo. Baadhi ya vyuo vimeweka njia ya mzunguko ya kutembea taratibu, mfano wake ukiwa ile ya mawe ya karne ya 13 katika kanisa kuu la Chartres, Ufaransa; Chuo Kikuu cha Oklahoma kiliwahi kuimulika sakafuni maktabani kwa projekta. Inapendeza. Lakini isikupotezee muda kabla hujafundisha kipindi kimoja.

Utajuaje kama inafanya kazi

Usiulize "ulijisikiaje?" peke yake, watu hupenda kumfurahisha aliyewapa dakika mbili za kimya. Pima tabia. Mwanzoni mwa kipindi waombe watafute mada moja kwa dakika tano na waandike: nimefungua makala ngapi, nimebadilisha maneno mara ngapi, nimesoma vichwa vingapi kabla ya kubofya mara ya kwanza. Wiki tatu baadaye mhadhiri awape zoezi lilelile kwa mada nyingine. Unachotarajia ni kufungua kuchache, kubadilisha maneno kwingi. Hesabu pia maswali yanayofika kaunta kutoka kwa darasa hilo. Yakiongezeka, furahi, maana aibu imepungua.

Ukitaka kipimo chenye historia, ipo hojaji ya Sharon Bostick ya mwaka 1992, yenye vipengele 43, inayopima woga wa maktaba katika maeneo matano, mojawapo likiwa jinsi mwanafunzi anavyowaona wafanyakazi wa maktaba. Jiandae kisaikolojia kabla ya kusoma majibu ya sehemu hiyo.

Darasa likishatoka, usikimbilie ofisini. Kaa kwenye kiti cha mwanafunzi mmoja, utazame mbele kutoka hapo, uandike mahali kimya kilipokaa, mahali kilipovunjika, na kitu cha kukata mara ijayo. Karatasi yangu ya mwisho ina mstari mmoja: "Punguza maelezo kabla ya zoezi la kubofya, walikuwa wameshaelewa, ni mimi niliyekuwa na wasiwasi."